Mama Shefu na Ugonjwa wa Kabla ya Kichwa

Alizaliwa wapi na nani, hilo sitawaambia. Ukimuuliza mwenyewe alikuwa anajibu kwamba kuzaliwa si kitu cha kujivunia, kila mtu alikifanya. Sisi tulimkuta tayari ni Mama Shefu. Alikuwa mkuu wa wauguzi katika wodi ya vichwa, hapa hapa Bujumbura, wodi inayopokea kila aliyegonga barabara, ukuta, mwembe au shemeji yake kwa kutumia paji la uso. Nilifanya kazi chini yake mpaka akastaafu, nikarithi kiti chake, funguo zake na maadui zake wote.

Namwandika kwa sababu mwezi uliopita aliletwa yeye mwenyewe, bandeji kichwani, akalazwa katika wodi ile ile aliyoitawala. Na kitu cha kumponya au kumzika kilikuwa kimoja tu: kama angekubali kujibu swali ambalo yeye amewauliza watu maisha yake yote. Nitafika huko. Kwanza mlijue swali.

Swali ni hili: "Kabla ya kichwa, ulikuwa na nini?" Kuhusu kichwa chenyewe watu wanasimulia bila kuombwa, namna gari lilivyokuja, namna dunia ilivyozunguka, nani alipiga kelele. Mama Shefu alitaka kujua ule mwili ulioanguka ulikuwa mwili gani. Presha? Sukari? Pombe? Umewahi kugonga kichwa zamani? Unalala usiku, au unahesabu mabati? Kichwa hakianguki peke yake, alikuwa anatuambia, kinaangushwa na wenzake walioko huko chini. Na dawa nzuri ya kichwa, ukiimimina ndani ya mtu mwenye ugonjwa usioujua, unaweza kumaliza kazi iliyoushinda ukuta.

Sasa, watu wa kwetu hawalijibu swali hilo. Mgonjwa wa kwetu haji peke yake. Anakuja na murwaza wake, yule ndugu anayekaa naye, anayempikia na kumfulia, na murwaza ndiye anayejibu. Ni adabu. Mgonjwa akinyamaza, ni heshima, murwaza akijibu, ni heshima, lakini kutaja magonjwa ya nyumba yenu mbele ya vitanda vya watu wengine, hiyo ni aibu mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo kila aliyeletwa kwetu alikuwa mzima wa afya tele mpaka dakika ile alipokutana na ukuta. Madaktari waliongopewa, sisi wauguzi tuliongopewa, na Mama Shefu naye aliongopewa kama sisi. Tofauti ni kwamba yeye alikasirika.

Uongo aliugawa mafungu mawili, wa wanaume na wa wanawake, na kila fungu lilikuwa na dawa yake.

"Mwanaume haugui," alikuwa anasema. "Chakula chake ndicho kinaugua."

Alijifunza hilo kwa bwana mmoja wa Kiriri, mtu mkubwa wa ofisi, aliyegonganisha gari lake na lori lililokuwa limesimama. Bwana huyu alilala pale na kichwa kama tikiti, na kila aliloulizwa alijibu apana. Presha apana. Sukari apana. Mke wake, mama mwenye miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani, alitikisa kichwa kila mara mumewe aliposema apana, akaongeza kwa Kifaransa kwamba Monsieur hajawahi hata kukohoa. Mama Shefu akamvuta yule mama kwenye benchi la nje, akaanza kumlalamikia wapishi wa siku hizi. Huyo mpishi wenu anajua kupika? Anajua, ila hatii chumvi. Kwa nini hatii? Monsieur hataki. Na chai? Bila sukari. Na wali? Monsieur haruhusiwi, anapewa kidogo tu siku ya Jumapili. Nani hamruhusu? Mama wa miwani akashtuka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Bwana yule alikuwa na presha na sukari pamoja, na dawa zake zilikaa ndani ya gari, kwenye kiboksi cha mbele, ili watoto wasijue kwamba baba ni mtu.

Tangu siku ile hatukuuliza tena wanaume wanaumwa nini, tuliwauliza wake zao wanapika nini. Ilitusaidia sana.

Kuhusu pombe ilikuwa vita nyingine. Kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, wa njia ya Carama, wale wanaobeba watu na mizigo huku wanaongea na simu, aliletwa kwetu amepasuka juu ya sikio. Mama yake ndiye murwaza. Anakunywa? Mama akaapa kwa watakatifu wote kwamba mtoto wake hagusi pombe. Kijana mwenyewe akafungua jicho moja akasema, "Pombe apana. Bia tu." Na hakuwa anatania. Kwetu bia si pombe, bia ni kinywaji. Pombe ni ile ya ndizi ya kwa jirani, na ulevi ni ule wa mtu mwingine. Mama Shefu akauliza tena kama kijana amewahi kuanguka na kichwa zamani. Mama akasema apana, hii ni mara ya kwanza kabisa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mama mkweli ndani ya uongo wake, akaongeza kwamba ile ingine ilikuwa ya baiskeli, hiyo haihesabiwi, na ile ya ukutani ilikuwa ya utani. Mama Shefu alikaa chini. Alituambia baadaye kwamba wanaume wengi wanaokuja kwetu, kichwa chao si kipya, kimeshapigwa zamani kikajipoza chenyewe bila kumwambia mtu, na ndiyo maana safari hii kinachelewa kupona.

Wanawake walikuwa somo jingine. Huko, alikuwa anasema, ugonjwa hauko kwenye sufuria, uko nyuma ya mume. Mtoe mume.

Na kweli aliwatoa. Nakumbuka mama mmoja mkulima wa huko huko Carama, aliyeteleza na beseni la mboga za lengalenga akaangukia jiwe la kufulia. Mume wake alisimama kando ya kitanda amekunja mikono, anajibu kabla swali halijaisha. Hana kitu. Hajawahi kuumwa. Ni mwanamke wa nguvu, analima mpaka jioni. Mama Shefu akamtazama mume kwa upole ambao sisi tuliuogopa, akamwomba aende akamtafutie sabuni ya mche, ile ya bluu, siyo ile nyeupe, na iwe ya duka la karibu na soko kwa sababu nyingine zinachubua. Mume akaenda. Mlango haujafunga vizuri, mama akaanza kusema. Kichwa kinauma upande mmoja tangu mimba ya kwanza, mpaka mwanga unamuumiza macho. Damu imepungua, daktari wa kituo alishamwambia. Moyo unakimbia bila sababu. Presha ilianza na mimba ya mwisho, haikuondoka na mtoto. Usingizi hana. Alisema mpaka mume akarudi na sabuni, akanyamaza, na Mama Shefu akamrudisha mume sokoni kwa sababu sabuni ilikuwa ya bluu sana.

Sisi vijana tulicheka mpaka tukatoka nje. Lakini alitugombeza. Mwanamke huyu, alisema, ameanguka kwa sababu kichwa kilimgonga kabla ya jiwe kumgonga, na kama tungemsikiliza mume tungemfunga kidonda na kumrudisha kwenye beseni.

Kulikuwa na mwingine, dada wa Kongo, muuza samaki, ambaye sikumcheka. Mimi pia ni mtu wa Kongo, wa Uvira, nilivuka mpaka nikiwa binti, kwa hiyo alinisemesha kwa urahisi. Huyu hakuwa na mume wa kumtoa. Alisema hana ugonjwa wowote. Ila, alisema, kuna siku anaamka anakuta hana mwili, amelala tu, samaki wanaoza, hawezi hata kusimama, na ilikuwa hivyo tangu vita, na siku aliyogongwa na gari alikuwa anatembea bila kuona barabara. "Hiyo haiko ugonjwa," aliniambia, "hiyo iko mimi." Nilimwambia Mama Shefu kama kitu kidogo. Yeye alikaa na yule dada mchana mzima, akamtafutia mtu wa kuongea naye hata baada ya kutoka hospitali, na akanionya nisithubutu tena kusema kwamba huzuni ni kitu kidogo. Kwa wanawake wetu, alisema, ndiyo inayoongoza kabla ya kichwa, na hakuna anayeitaja kwa sababu kila mmoja anadhani ni tabia yake.

Msifikiri alikuwa hakosei. Alikosea, tena kwa kelele. Tuliletewa kuli mmoja wa bandarini, mtu mwenye mabega ya kubebea mlango, gunia lilimwangukia wakati wa kupakua boti la Kigoma. Huyu, ajabu, alijibu kila kitu mwenyewe. Alisema kabla ya kichwa alikuwa na maumivu ya upande mmoja wa kichwa yanayomtapisha, na kwamba tangu mke wake afariki analia asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mama Shefu hakuamini hata neno. Mwanaume anayekiri, alisema, anaficha kitu kikubwa zaidi. Kwa siku nzima alimnusa kutafuta pombe. Aliwauliza rafiki zake anapika nini. Alichungulia mfuko wake akakuta wembe wa kunyolea na picha ya marehemu. Mwisho ikaonekana kuli alikuwa amesema ukweli mtupu, na maumivu yake yalikuwa yale yale ya mama wa beseni. Mama Shefu alimpelekea Fanta, akaiweka kando ya kitanda, akasema ni ya bure, na kwake yeye huo ulikuwa msamaha. Lakini mafungu yake mawili hakuyaacha. Alisema tu kwamba kuli yule alikuwa amepangwa wodi isiyo yake.

Alikuwa na vituko vyake. Alivaa mtandio mweupe unaonukia udi mpaka wagonjwa waliozimia walikunja pua. Aliwakataza watu chumvi huku sambusa zake zikiwa na chumvi na pilipili za kuua. Aliwacheka waganga wa mizizi na huku alikuwa na hirizi ndogo ameishonea ndani ya sidiria, tuliijua kwa sababu ilikwaruza. Aliwafukuza waume wa watu wote, lakini mumewe akija kumchukua jioni, mzee mwembamba wa kofia ya kazi ya mkono, sauti yake ilishuka akawa bibi harusi. Mzee huyu alitoka familia ya watu wa asili ya Oman, wenye maduka ya vitenge tangu babu zao, naye alikuwa na cherehani yake barazani pa duka. Ukimuuliza habari za nyumbani, anakueleza goti lake la kulia, halafu la kushoto, halafu tumbo, halafu anarudi kwenye goti. Mama Shefu alisema ndiye mwanaume pekee wa Burundi anayeugua kwa sauti, na kwamba anajua kila kitu kuhusu mwili wake na hajui kitu kuhusu mwili wa mwingine yeyote.

Na kilichokuwa kikubwa kuliko vituko vyote ni hiki, na nilikijua mimi peke yangu.

Mchana mmoja nilimfuata stoo ya mashuka, nikamkuta chini kati ya mafurushi, mwili unatetemeka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Hiyo ni kazi yetu, sikupiga kelele. Nilimlaza ubavu, nikamwekea shuka chini ya kichwa, nikafunga mlango, nikakaa naye. Alipozinduka, kitu cha kwanza alishika mtandio kuona kama uko mahali pake.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona Mama Shefu amechoka."

"Ni kweli," akasema. "Nimechoka tangu niko binti."

Basi, hapo chini, tukiwa tumeegemea mashuka, akaniambia. Kifafa. Kwa Kirundi wanakiita intandara, na ukilisema neno hilo sokoni watu wanavuta watoto wao. Wanaamini mate yake yanaambukiza. Hawali na wewe sahani moja, hawakupi kikombe chao, na binti mwenye nacho haolewi, na akiolewa kwa kuficha anarudishwa kwao na godoro lake. Alikuwa anameza dawa zake chooni, alizitia ndani ya kopo la pipi za mnanaa. Mumewe hajui. Zaidi ya mumewe, mama mkwe hajui, na huyo ndiye aliyemwogopa kuliko Israfili na baragumu lake. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayekupima kwa macho tangu kisigino mpaka utosi kabla ya kuitikia salamu. Mama Shefu alikuwa binti wa Buyenzi tu, aliyeingia nyumba ya watu wenye maduka, na siku zote aliona yule bibi anatafuta sababu.

Akaniapisha nisiseme. Niliapa kwa Biblia yangu. Akasema niape pia kwa Kurani, kwa sababu Biblia za watu wa Uvira hana uhakika nazo. Nikaapa.

Hapo ndipo nilipouelewa msemo wake mwingine, ambao kabla ya hapo nilidhani ni utani. Alikuwa anasema kwamba mwanaume anaficha ugonjwa kwa sababu ya rafiki zake, na mwanamke anauficha kwa sababu ya mama mkwe. Mama mkwe wake alifariki, akazikwa, wakasoma hitima. Nilidhani sasa atapumua. Hakupumua. Alikuwa ameficha muda mrefu mno, hakujua tena pa kuanzia kufichua.

Sasa tufike mwezi uliopita.

Alianguka harusini, katikati ya kina mama, muziki juu. Wengine walidhani anacheza. Walipomwinua, nyuma ya kichwa damu, maneno yamechanganyika. Kwetu akapigwa picha ya kichwa, ikaonekana damu kidogo ndani, siyo ya kufungua, ya kuangaliwa tu. Asubuhi yake maneno yalikuwa yamerudi yote, pamoja na matusi. Mzee amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kofia gotini, murwaza kamili.

Nilimsogelea mama yangu wa kazi, nikainama, nikamuuliza kwa adabu zote. "Mama, kabla ya kichwa ulikuwa na nini?"

"Kiatu," akajibu.

Alikuwa nacho pale kitandani, chenye kisigino kirefu, amemwagiza mtu amletee kama ushahidi. Kiatu kiliteleza. Yeye mzima. Hajawahi kuumwa. Nikamtazama, nikaona yule bwana wa Kiriri, nikamwona kijana wa moto, wote wamelala kitandani humo wamevaa mtandio mweupe. Maskini Mama Shefu, alikuwa anadanganya kiume.

Nilimtuma mzee akalete maji ya moto. Hakwenda. Alisema maji yapo. Basi nikapanda kitandani nusu, mdomo sikioni mwa mama, nikamuuliza kopo liko wapi. Akanong'ona kwamba liko nyumbani, tupu. Dawa zilikuwa zimekosekana mjini, kila duka la dawa linasema njoo kesho, naye akawa anakata kidonge vipande, halafu vipande vikaisha. Sasa, ninaijua kazi hii. Kifafa kilichokosa dawa hakingoji, na kikirudi juu ya kichwa kinachovuja, kinaweza kuja kimoja juu ya kingine mpaka mtu asirudi. Na wakati huo huo mkono wake wa kushoto ulikuwa unacheza wenyewe juu ya shuka. Kidogo, halafu ukaacha. Yeye akauficha chini ya mto haraka, kama umeiba kitu.

"Mama, lazima dokta ajue."

"Dokta akijua, mzee anasikia."

"Mzee akisikia atakasirika," nikamwambia. "Asiposikia atakuzika."

Nikamwambia basi, ninampa mpaka daktari amalize chumba cha wanaume. Akifika hapa na yeye hajasema, nitasema mimi, na viapo vyangu vyote viwili Mungu atavihukumu.

"Basi niko na muda," akasema. "Uongo ya wanaume ni murefu."

Na ulikuwa mrefu. Ukuta wa kati ni mwembamba, tulimsikia daktari kitanda kwa kitanda. Presha? Apana. Sukari? Apana. Pombe? Bia tu. Siku nyingine angecheka. Alikuwa anashika shuka kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa ninaangalia mkono ule wa kushoto, na mzee anaangalia sakafu. Ningeweza kumfuata daktari palepale nikamaliza. Lakini nilitaka aseme mwenyewe, kwa sababu anajua kuliko sisi wote kwamba ugonjwa uliosemwa na mtu mwingine mgonjwa anaukana tena kesho, na dawa anaitemea dirishani.

Daktari akaingia. Kijana mpole wa Gitega, mgeni, hamjui Mama Shefu ni nani. Akamsalimia, akauliza lile swali kwa maneno yake ya kitabu. Mama Shefu akasema kiatu. Daktari, kama desturi, akamgeukia murwaza. Nikafungua mdomo niseme.

Mzee akasimama. Nilingoja goti. Akavaa kofia yake, akasema kwa upole, "Dokta, muke yangu atajibu mwenyewe. Utupatie dakika moja."

Daktari akasogea kitanda cha pili. Mzee akakaa ukingoni pa kitanda, akauchukua ule mkono wa kushoto kutoka chini ya mto.

"Sema, mama," akamwambia. "Mi najua."

"Unajua nini?"

"Kifafa. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Unafikiri nani anakugeuza ubavu usiku?"

Sikujua nitazame wapi. Mama Shefu akauliza swali moja tu, sauti imeshuka kabisa.

"Na mama yako?"

"Mama ndiye aliniambia," mzee akasema. "Aliona yeye wa kwanza, mbele yangu. Mashangazi nao walianza kunong'ona, ndiyo maana akahamia ubavuni mwako pale kwenye sinia. Kila siku mukono yake na yako ndani ya wali moja. Alitaka wamuone anakula na we."

"Nilijua ananichunga."

"Alikuwa anakuchunga, ndiyo. Usianguke."

"Mbona hamukusema?"

"Alikataza. Alikuogopa we. Alisema ukijua tunajua, utafunga mizigo urudi Buyenzi."

Mama Shefu akalia. Alilia vibaya, kwa pua, bila kujali mtandio. Alisema maisha yake yote amekaa ubavuni mwa yule bibi anatafuna kwa hofu, hata ladha ya pilau yake haijui. Mzee akasema pilau ilikuwa nzuri. Kisha mama akaanza kumgomba mzee kwa kwikwi, kwamba miaka yote hii amemeza vidonge chooni na choo kina mbu, naye yumo ndani ananyamaza tu, mwanaume gani huyo. Mzee alikubali kila kitu, akawa anampangusa pua kwa ncha ya kofia.

Mkono ukacheza tena, safari hii mpaka kiwikoni. Wote watatu tuliuona.

"Dokta," Mama Shefu akaita, kwa ile sauti yake ya zamani iliyosimamisha wodi nzima. Vitanda vyote vikageuka. Kina mama wote, warwaza wao, na wanaume wawili waliochungulia mlangoni. Hakushusha sauti. "Rudi hapa. Andika kifafa, tangu niko binti, na dawa nimeikosa. Na uandike vizuri, huyu mutoto wangu wa kazi aweze kusoma."

Nilikuwa nimeshafika kwenye kabati la sindano za dharura.